Kisanduku cha Watumishi Tu

Jumatatu, 10 Machi

Naandika kwa kalamu, kwenye daftari la mistari nililolichukua kwa wanangu pacha, kwa sababu tangu leo saa nne asubuhi sina imani na kitu chochote kinachohifadhiwa kwenye mashine. Na mtunza mashine yenyewe ni mimi. Cheka ukipenda.

Niandike ilivyo, nisije nikajidanganya baadaye.

Kila mwezi nakagua hifadhi ya maktaba yetu ya kidijitali: seva imejaa kiasi gani, nakala ziko salama, kumbukumbu zipi zinafunguliwa sana. Kazi ya kusinzia. Siku zote inayoongoza ni mitihani ya zamani. Leo nimekuta unaoongoza ni Mkusanyiko wa Moto, na ndani yake kumbukumbu moja, namba 17, imefunguliwa mara kumi na tisa kwa wiki moja.

Mkusanyiko wa Moto ni sauti za watu ishirini na watatu waliokuwa ndani ya kiwanda cha nguo kilipoungua, miaka ishirini na miwili iliyopita. Milango ilikuwa imefungwa kwa nje. Aliyeamuru ifungwe ni Meneja, na Meneja mpaka leo anaitwa Meneja, ila sasa kiwanda ni kipya, ni chake mwenyewe, na nusu ya mji huu inakula kwake. Ndiyo maana wale watu walikubali kusema kwa sharti moja: sauti isikike, jina lisionekane mpaka siku watakapokufa. Namba 17 nilimrekodi mimi, miaka sita nyuma, chumbani kwake anakoshonea. Humu nitamwita Mama Cherehani, maana hata kwenye daftari naogopa kuandika jina lake. Nilimwambia, "Mama, jina lako halitoki kwetu." Akanishika mkono akasema, "Nakuamini, mwanangu."

Sasa kosa. Programu ya zamani ilikuwa na kisanduku kimoja kilichoonekana kwa watumishi peke yao. Kila mtu hapa ofisini alizoea kutupia humo kila kitu: jina halisi, simu, mtu anakaa wapi, watoto wake wanafanya nini. Mwanzoni mwa mwezi wa pili tulipohamia programu mpya, mimi ndiye niliyehamisha metadata, yaani yale maelezo yote yanayoandamana na sauti. Nikamimina kisanduku kile kwenye kisanduku kirefu cha programu mpya, halafu nikakitia kufuli: watumishi tu. Nilisahau jambo ambalo mimi mwenyewe nimewafundisha wenzangu kwenye semina, tena kwa mbwembwe. Kufuli la programu hii linafunga kumbukumbu zinazoingia baada ya kuliweka. Zilizotangulia zinabaki kama zilivyo. Na mimi nilitangulia kumimina.

Nikafungua namba 17 kama msomaji wa kawaida. Jina kamili. Simu. "Nyumba ya tatu nyuma ya tangi la maji." "Binti mmoja, msimamizi wa zamu kiwanda kipya." Maneno yangu mwenyewe, yamepangwa vizuri, na nukta mwishoni. Nikazifunga zote ishirini na tatu moja baada ya nyingine, neno la siri nikalikosea mara mbili.

Zimekaa wazi tangu tarehe 3 Februari. Wiki tano.

Nimeshafunga. Sijamwambia mtu.

Jumanne, 11 Machi

Mvua imeanza. Hakuna jipya.

Alhamisi, 13 Machi

Nimejitia hamnazo siku tatu. Fundi wa kompyuta, msichana mwenye kutafuna ubani kutwa nzima na kujua nani kaingia mtandaoni saa ngapi, ameniuliza, "Mama Pacha, unaumwa?" Nikamwambia meno. Akanitazama kinywani. Huyu mtoto ni mdaku, siku zote nimesema, na sasa nimeanza kumwogopa.

Jumatatu, 17 Machi

Nilidhani nimefunga. Nilikuwa najidanganya.

Maktaba tano za miji mingine zina mapatano na sisi. Kila Jumapili asubuhi mashine zao zinakuja kwenye mashine yetu kuvuna maelezo ya kumbukumbu, wayaweke kwao, ili msomaji wa kule ajue kilichopo huku. Jambo zuri. Mimi ndiye niliyelipigania, kuna picha yangu ukutani nikipeana mkono na watu.

Leo nikiwa nafunga mwavuli mlangoni nimekumbuka hilo, nikasimama palepale, watu wananipita. Wiki tano ni Jumapili tano. Nikaketi, nikafungua tovuti zao moja moja. Tatu zimeshachukua mabadiliko, hakuna kitu. Mbili zinavuna kilicho kipya tu, kilichobadilika hazikigusi. Hizo mbili zina majina yote, yamekaa wazi, mtu akiandika jina la kiwanda yanatokea ya kwanza.

Kuyaondoa kule siwezi. Inatakiwa barua rasmi, na barua rasmi ina sehemu ya saini ya Mkuu wa maktaba. Na Mkuu ataniuliza kwa nini.

Nimekula chakula cha mchana nikiwa nimesimama.

Jumanne, 18 Machi

Nimefuatilia nani anaifungua namba 17. Nilitegemea mji wa mbali, au kiwandani. Anatumia kompyuta yetu wenyewe, ukumbi wa wasomaji, kiti cha nne, kando ya dirisha lenye ufa.

Nimeteremka kutazama kama mtu anayetafuta kitabu. Ni mzee mmoja, mrefu, kofia ya sufu, koti la mvua amelitundika nyuma ya kiti linachuruzika sakafuni. Amevaa visikiza sauti. Haandiki, hasogei. Msimamizi wa ukumbi anasema anakuja Jumanne na Ijumaa tangu mwezi uliopita, hana tabu, ni mtu wa salamu.

Mtu wa salamu anayesikiliza sauti moja mara kumi na tisa. Nimerudi juu bila kitabu.

Ijumaa, 21 Machi

Amenijia mezani.

Nilikuwa nimeinamia kazi, nikaona kivuli. "Mwanangu, samahani," akasema, kwa upole kabisa. "Namba kumi na saba ilikuwa na maandishi chini yake. Siku hizi siyaoni."

"Maandishi gani, mzee?"

"Ya yule mama. Jina lake na anakokaa."

Nikamwambia mashine hizi zina mambo yake, leo hivi, kesho vile. Nilicheka hata, kicheko changu mwenyewe kikanitisha.

"Haidhuru," akasema. "Nilishayanakili." Akapapasa mfuko wa shati, taratibu, kuhakikisha kikaratasi kipo. Akaniaga, akarudi kiti cha nne.

Ni mtu wa Meneja. Sina shaka. Meneja hatumi vijana wa misuli, yeye ni mtu wa heshima. Atatuma mzee wa salamu. Ana jina la Mama Cherehani mfukoni, na nyumba, na binti. Na aliyempa ni mimi.

Jumapili, 23 Machi

Mvua kutwa. Nimewafokea pacha bure, kwa kijiko kilichoanguka. Saa za mashine kuvuna zimefika, nikawa natazama ukuta mpaka zikapita.

Jumatano, 26 Machi

Nimepiga moyo konde nikaenda kwa Mama Cherehani. Nimeenda na sketi. Nilijiambia mtu haingii kwa fundi wa kushona mikono mitupu.

Chumba ni kilekile. Amenenepa kidogo, miwani ameifunga kwa uzi. Alinitambua kabla sijasema hodi ya pili. "Karibu, mwanangu wa maktaba. Nilidhani mmenisahau." Akaondoa vitambaa kwenye stuli nikae. Binti yake alikuwepo, amevaa sare ya kiwanda, anajiandaa kwenda zamu ya mchana. Akanipa shikamoo, akaniuliza kama mvua imekata barabara ya kwetu, akatoka mbio.

"Ndiye huyo," mama yake akasema. "Anasimamia watu arobaini. Mie sijui kama kucheka au kulia, mwanangu kula kwa yule. Lakini hajui kuwa ni mie mama yake niliyesema. Hajui mtu."

Hapo ndipo pangekuwa mahali pake. Mlango ulifunguka wenyewe. Nikafungua kinywa.

"Upindo umelegea," nikasema, nikampa sketi.

Akaushona palepale, akaukata uzi kwa meno, akakataa malipo. Nimerudi na sketi iliyoshonwa. Sijawahi kujichukia namna hii.

Jumatatu, 31 Machi

Mvua. Zile maktaba mbili bado zina majina. Naangalia kila asubuhi kabla ya kuvua koti.

Alhamisi, 3 Aprili

Mume wangu ni fundi bomba, msimu huu haonekani nyumbani, mji mzima umepasuka. Leo amekuja kula mchana akanikuta nakoroga sufuria ambayo haina kitu. Akazima jiko. "Haya, sema."

Nikasema yote. Hakunikatiza. Alipokuwa anavaa tena viatu vyake vya matope akasema, "Mimi nikipasua bomba la mtu namwambia kabla hajakanyaga maji. Atanitukana, ndiyo. Lakini atapandisha godoro juu ya meza."

"Wewe ukikosea unaziba. Mimi siwezi kuziba."

"Sasa si ndiyo sababu zaidi?"

Nikamwambia haelewi kazi za ofisini. Akasema kweli, haelewi, akaenda. Nimekasirika mpaka sasa, na najua kwa nini nimekasirika.

Jumanne, 8 Aprili

Nimemwambia Mkuu.

Nimefanya naye kazi miaka kumi na mmoja. Ndiye aliyenipeleka kusoma, ndiye aliyenitetea nilipojifungua pacha na likizo ikapitiliza. Ni mtu wa suti hata siku ya mvua, na sauti yake nzito watu wote wanajua kuiiga. Niliingia nikiwa na barua mbili nimeshaziandaa, kinachotakiwa ni saini. Nilidhani atanifokea, halafu atatia saini. Nilikuwa tayari kufokewa.

Hakufoka. Alifunga mlango, akauliza, "Nani mwingine anajua?"

"Mume wangu. Na wewe."

"Basi tubaki hivyo."

Nikamweleza zile maktaba mbili, nikamweleza mzee wa kiti cha nne na kikaratasi. Akawa anakigeuza kikombe kwenye kisahani, kikombe kinalia ti-ti-ti, na ndipo nikaona kuwa hakigeuzi, mkono ndio unaotetemeka. "Mama Pacha," akasema, "katikati ya mwezi wa tano bodi inakuja kukagua. Barua hizi zikitoka leo, nakala zinakwenda bodi. Mkusanyiko huu Meneja haupendi, na mmoja wa bodi ni rafiki yake wa kufa na kuzikana. Watatufungia mkusanyiko wote. Utakuwa umewasaidia nini hao watu wako?"

Hoja nzuri. Niliipokea kwa mikono miwili, niseme ukweli. Barua akaziweka kwenye droo.

"Baada ya ukaguzi," akasema.

Nimetoka nikiwa mwepesi, kama mtu aliyepewa ruhusa ya kuumwa. Nilipofika mezani kwangu wepesi ukaisha. Miaka kumi na mmoja namwona mkubwa yule mtu, kumbe anaogopa kama mimi, tofauti yetu suti tu.

Alhamisi, 10 Aprili

Mwezi mmoja kamili. Mvua.

Jumatatu, 14 Aprili

Dari ya chumba cha seva imeanza kudondosha. Tumeweka ndoo. Fundi wa kompyuta amehamisha diski za nakala kwenye kabati la chuma, akanionyesha kila nakala iko wapi, na kila moja ina majina yale ndani yake. Alikuwa anasema polepole mno, ananitazama. "Unajua kitu kikishaingia humu kukitoa ni kazi, eeh?" Nikasema najua. Akaendelea kutafuna.

Jumanne, 15 Aprili

Mzee hakuja. Nimeogopa zaidi kuliko siku anazokuja.

Jumanne, 22 Aprili

Leo tena kiti cha nne kilikuwa kitupu. Saa sita nikashindwa kukaa. Nikachukua mwavuli, nikaenda upande wa tangi la maji, najiambia napita tu.

Alikuwepo. Amesimama ng'ambo ya njia, chini ya kibaraza cha duka lililofungwa, kofia ileile, anatazama dirisha la Mama Cherehani. Cherehani ilikuwa inasikika, trrr, inanyamaza, trrr tena. Mama wa watu yuko ndani anashona, hajui kitu. Mzee akavuka njia hatua tatu. Akasimama katikati ya matope, mvua inampiga. Akatoa kile kikaratasi, akakisoma, akainua macho kuhesabu nyumba.

Mimi nilikuwa nyuma ya tangi, maji yananiingia shingoni. Ningeweza kupiga kelele. Ningeweza kumkabili, mzee wa miaka sabini na kitu, mimi nina mwavuli. Ningeweza kuzunguka nyuma nimgongee mama wa watu dirisha. Sikufanya hata moja. Nikageuka nikakimbia, ndivyo ilivyokuwa, nikakimbia na viatu vyangu vya ofisini mpaka barabara kubwa, nikasimama pale, najisemea labda hakufanya kitu, labda ameondoka.

Nimepiga simu ya Mama Cherehani kutoka ofisini. Akapokea. "Nani?" Nikakata. Yu hai, basi.

Ijumaa, 25 Aprili

Sijui niandikeje. Nimecheka na kulia siku moja.

Saa tano mzee amenijia mezani, akaomba kukaa. Nikatafuta Fundi kwa macho, hayupo. Akavua kofia, akaiweka juu ya goti.

"Nakuona unaniogopa," akasema. "Una haki. Mimi ndiye niliyekuwa na funguo."

Alikuwa mlinzi wa kiwanda. Meneja alimwamuru afunge milango saa kumi na mbili jioni, vitambaa vinaibiwa, akafunga. Moto ulipowaka alikimbia. Alifika mpaka barabarani. Halafu akarudi, akaufungua mlango wa stoo, mmoja huo tu, moshi ukamshinda. "Mji mzima unajua nilikimbia. Kurudi hakuna aliyeniona. Mke wangu kafa anajua mumewe alikimbia. Mimi mwenyewe nikaanza kufikiri labda niliota, labda nimejitungia ili nikila chakula kipite kooni. Sasa huyu mama, dakika ya kumi na nne, anasema, 'Yule mlinzi alirudi, nilimwona, mlango wa stoo ndio tuliotokea.' Nimeisikiliza mpaka visikiza sauti vyenu vimechakaa."

Anataka kumsalimu. Amefika dirishani mara tatu, miguu inagoma.

Nilishindwa kujizuia, nikamshika mikono yote miwili. Wiki tano nimemwona mtu huyu na kisu kila nikifumba macho. Nikamwambia asiende kwanza, nitazungumza na mama mwenyewe, nitamwandalia njia. Akanishukuru. Ananishukuru mimi.

Jumamosi, 26 Aprili

Nimefanya usafi nyumba nzima. Mume wangu ameuliza kama nimeshamwambia yule mama. Nikasema hakuna tena haraka, mtu mwenyewe si wa Meneja. "Na zile maktaba mbili?" akauliza. Nikamwambia anyanyue miguu nipige deki.

Jumanne, 29 Aprili

Mama Cherehani ameingia ofisini saa tatu asubuhi, hana mwavuli, nguo zimemshika mwilini. Hakusalimu. Akaweka karatasi mezani kwangu. Ilikuwa imechapishwa kutoka tovuti ya moja ya zile maktaba mbili, jina la maktaba juu, tarehe ya kuchapishwa pembeni: 24 Aprili.

"Soma," akasema.

"Nimeiona, mama."

"Soma kwa sauti."

Nikasoma. Jina lake. Simu. Nyumba ya tatu nyuma ya tangi la maji. Binti mmoja, msimamizi wa zamu. Wenzangu mezani wameinua vichwa. Fundi alikuwa mlangoni, ameacha kutafuna.

"Nani kaandika?"

"Mimi."

"Binti yangu kaitwa ofisini kwa Meneja Ijumaa," akasema. "Wamemwekea hii mezani. Hawakupandisha sauti, wamempa na soda. Wamemwambia Jumatatu aje na mama yake, tuzungumze. Jumamosi gari limesimama mbele ya mlango wangu toka asubuhi mpaka adhuhuri, injini inawaka. Hakushuka mtu. Tumekaa chini sakafuni mimi na yeye, mtu mzima na mtu mzima, tumefungia nguo zake kwenye begi moja. Jumapili nimempeleka kwa mama yake mdogo. Hana kazi, hana chumba. Na mie hajanitazama usoni njia nzima, maana kajulia mbele ya Meneja mambo ambayo mama yake hakumwambia."

Ijumaa. Siku ileile niliyokuwa nimeshika mikono ya mlinzi nacheka.

"Umejua lini?" akauliza.

Nilitaka kusema jana. Kinywa kilishajipanga.

"Tarehe kumi, mwezi wa tatu."

Akahesabu kwa vidole, wiki kwa wiki. Vilipoisha vya mkono mmoja akaenda wa pili. "Ulikuja kwangu na sketi."

"Nilikuja kukwambia, mama."

"Ukaniambia upindo." Hakupaza sauti, na ningeomba angepaza. "Ungesema siku ile, mwanangu alikuwa amesimama mbele yako. Ningemtoa kule mwenyewe, pole pole, na barua yake ya kuacha kazi, na mshahara wake, wala wasingeshuku. Sikulaumu kwa kukosea. Mie nimekata nguo za watu vibaya mara ngapi. Lakini nilikaa wiki sita na kitu, nashona na dirisha wazi, na wewe unajua."

Nikasema nisamehe. Lilitoka dogo, hata mimi sikulisikia vizuri.

"Wale wengine ishirini na wawili," akasema, "wameambiwa?"

Nikatikisa kichwa.

Jumatano, 30 Aprili

Asubuhi Fundi ameniwekea mezani kikaratasi chenye simu za mafundi wa zile maktaba mbili. "Nilijua tangu mwezi wa tatu," akasema, anatazama viatu vyake. "Niliona ulivyozifunga zote kwa mfululizo. Nikawa nangoja useme wewe. Nikaogopa ukisema utasema ni mimi." Miezi yote hii namwita mdaku, na mtoto wa watu alikuwa anaogopa peke yake, hatua nne kutoka kwangu.

Nikapiga bila barua, bila saini. Wa kwanza alisema, "Ngoja," nikasikia anabonyeza. Wa pili akauliza kumbukumbu ngapi, nikamwambia ishirini na tatu. Yakaondoka yote. Dakika kumi na moja, nimetazama saa. Nimelikalia jambo la dakika kumi na moja wiki sita na siku mbili.

Mchana Mkuu ameniita. Ana taarifa ya bodi ameshaiandika, imechapwa vizuri: hitilafu ya kuhama programu, imegunduliwa tarehe 29 Aprili, imerekebishwa ndani ya saa ishirini na nne. Na ukurasa mwingine, maneno ya kuwasomea wale ishirini na wawili kwenye simu, tarehe ni hiyohiyo. "Inatulinda sote," akasema. "Wewe wa kwanza. Una watoto."

Niliisoma. Ilikuwa imepangika. Niliipenda ile tarehe, Mungu ananiona, nilitamani iwe kweli mpaka macho yakanilenga machozi. Nikaondoka nayo mkononi, sikusema ndiyo wala hapana.

Ijumaa, 2 Mei

Saa tatu Mama Cherehani alikuwa ameshafika. Mlinzi wa zamani alimkuta mlangoni. Sikusikia walichosema, niliona tu kwa kioo mzee amevua kofia na mama ameweka mkono kifuani. Halafu mama akamwacha, akapanda ngazi, akavuta kiti, akakaa mbele ya meza yangu, mkoba mapajani.

"Piga," akasema. "Nikusikie."

Mkuu alikuwa amesimama mlangoni kwangu. Karatasi yake nilikuwa nayo mbele yangu, kando ya orodha ya simu.

Namba moja alikuwa mkata vitambaa. Imeita mara tatu, akapokea kwa sauti ya mtu aliyekuwa anacheka na watu. Nikajitaja. Nikamwambia jina lake lilionekana, na simu yake, na mtaa wake, na kwamba Meneja amelipata la mwenzake na huenda amelipata na lake. Kicheko kikaisha. Nilisikia mvua ya kwao.

"Mmejua lini?" akauliza.

Mkuu akakohoa. Mama Cherehani alikuwa ananitazama mdomoni.

"Mimi nimejua tarehe kumi Machi," nikasema. "Nikaogopa. Nikanyamaza."

Hakunitukana. Nikasikia ameweka simu kando, na kwa mbali anamwambia mtu, "Waite watoto waingie ndani. Funga mlango."

Nimekaa na simu sikioni mpaka ikakatika yenyewe. Mama Cherehani ameisogeza orodha karibu yangu, akaweka kidole.

"Wa pili," akasema.